Maswali Yenu: Kihisi Kikibadilika Rangi, Kimeona Nini?

Safu ya toleo hili tumeiachia barua kuhusu masalia ya viuatilifu kwenye chakula, hasa vipimo vya haraka: kadi zinazobadilika rangi, chembe za dhahabu, na vitu vinavyong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Barua tumezifupisha. Majibu mengine yamekuwa marefu kwa sababu maswali yenyewe yaligusa mahali ambapo watu wengi hukosea.

SWALI: Ninapima mboga kwa kadi ile yenye duara jeupe na duara jekundu. Vitunguu na nyanya karibu kila mara vinanipa jibu la "kuna dawa", hata vile ninavyojua havikunyunyiziwa kitu. Kadi zangu ni mbovu? (Mkaguzi wa mazao)

JIBU: Huenda kadi ni nzima. Tatizo ni kwamba kadi hiyo haioni dawa, inaona kama kimeng'enya kinafanya kazi au kimelala. Kwenye duara jeupe kumekaushiwa kolinesterasi, ndiyo kimeng'enya chenyewe. Kwenye duara jekundu kuna asetati ya indofenoli. Ukikunja kadi, maduara yakagusana yakiwa na unyevu, kimeng'enya kizima hukata ile asetati na kuacha indofenoli, ambayo ni bluu. Kama oganofosfeti au kabameti (makundi mawili ya dawa za wadudu) imeshakifunga kimeng'enya, hakuna kinachokatwa, na kadi hubaki nyeupe. Basi chochote kinachokilemaza kimeng'enya, au kinachoifuta bluu baada ya kutokea, kitakupa jibu lile lile la "kuna dawa".

Vitunguu, saumu, figili, seleri, giligilani na uyoga vina kemikali zao za asili zinazokisumbua kimeng'enya. Nyanya na matunda yenye maji ya uchachu yana hila nyingine: vitamini C huipausha indofenoli, na asidi huigeuza bluu kuwa ya waridi. Hila hii ni rahisi kuikamata. Chukua kadi iliyokwisha kuwa bluu kwa bafa tupu (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), kisha dondoshea juu yake tone moja la maji ya nyanya hiyo hiyo. Bluu ikipauka, tatizo ni rangi, si kimeng'enya, na jibu lako la awali halina maana.

Kwa mazao ya aina hii usikatekate. Weka kitunguu au nyanya nzima kwenye bafa, suuza ngozi ya nje, na upime maji hayo ya kusuuzia. Utakosa dawa zinazopenya ndani ya mmea, na hilo uliandike kwenye kumbukumbu, lakini angalau hutamshitaki mkulima kwa kosa la kitunguu.

Kwa majani ya kawaida, utaratibu unaofuatwa ni huu: gramu 5 za majani yaliyokatwa vipande vya kama sentimita 1, mililita 10 za bafa ya fosfeti yenye pH 7.5, tikisa mara 50, acha itulie dakika 2. Weka matone 2 au 3 ya maji hayo kwenye duara jeupe, subiri dakika 10 katika nyuzi 37, kunja, bana kwa vidole dakika 3, soma papo hapo. Bluu kamili ni hasi, bluu hafifu ni chanya dhaifu, nyeupe ni chanya. Kila kundi la sampuli liende na kadi moja ya bafa tupu. Kadi hiyo tupu isipokuwa bluu, kimeng'enya kimekufa kwa joto au unyevu wa hifadhi, na kila "chanya" ya siku hiyo inatupwa. Mahali penye baridi kimeng'enya hufanya kazi polepole: ongeza muda mpaka kadi tupu ifike bluu kamili, na sampuli ipewe muda ule ule, si zaidi wala pungufu.

SWALI: Kwetu kadi ilikuwa bluu safi. Maabara ikapata klopirifosi miligramu 0.15 kwa kilo. Nani kakosea? (Msimamizi wa ubora, kiwanda cha kufungasha mboga)

JIBU: Hakuna aliyekosea, na tunaomba jambo hili lisomwe taratibu kwa sababu ndilo linalopitisha mizigo mibaya.

Klopirifosi, malathioni na parathioni, zote oganofosfeti, hubeba salfa iliyounganishwa na fosforasi. Katika umbo hilo zinakizuia kimeng'enya kwa udhaifu sana. Ndani ya mwili, ini hung'oa salfa hiyo na kuweka oksijeni mahali pake, na hapo ndipo sumu inapopata makali. Kwenye neli ya majaribio hakuna ini. Diklovosi, ambayo tayari ina oksijeni hiyo, itaonekana vizuri kwenye kadi ile ile iliyoikosa klopirifosi.

Maabara zinazotumia kimeng'enya huikamilisha kazi hiyo kwa kioksidishaji, maji ya bromini yaliyozimuliwa au N-bromosaksinimidi, kwa dakika chache kabla ya kipimo. Ziada yake lazima iondolewe, mara nyingi kwa asidi askobiki, kwani bromini iliyobaki itakiua kimeng'enya na utaona "dawa" hata kwenye maji safi. Asidi askobiki ni vitamini C yenyewe, nasi tumeshaona inavyoifanya indofenoli. Kwa hiyo hatua hii haiendi na kadi. Iende na kipimo cha Ellman cha mwaka 1961: kimeng'enya hukata asetilithiokolini, thiokolini inayotoka huigusa DTNB (kemikali ya kuonyesha rangi), na manjano inayotokea husomwa kwenye nanomita 412. Daima weka neli moja iliyopitia kioksidishaji na askobiki bila sampuli.

Sababu ya pili ni hesabu. Tuseme kihisi chako kinaanza kuona dawa fulani kwenye mmumunyo wa miligramu 0.1 kwa lita. Umetumia gramu 5 za mboga kwa mililita 10 za bafa, yaani umeizimua mara mbili. Kikomo chako kwenye chakula si 0.1 tena, ni miligramu 0.2 kwa kilo. Na kama majani yamesagwa, maji yao ya ndani nayo yanaingia: gramu 5 zenye asilimia 90 ya maji huongeza mililita 4.5, na kikomo hupanda hadi karibu 0.29. Miligramu 0.15 iko chini ya hapo. Kwa mnunuzi wa Umoja wa Ulaya, ambako idhini ya klopirifosi haikuhuishwa Januari 2020 na kikomo chake cha kisheria ni miligramu 0.01 kwa kilo, kadi ya namna hii haiwezi kukulinda.

Ya tatu tuitaje tu: pairethroidi na neonikotinoidi (makundi mengine ya dawa za wadudu) na dawa nyingi za ukungu haziigusi kolinesterasi kabisa. Mboga inaweza kulowa dawa hizo na kadi ikatoa bluu nzuri kuliko zote.

SWALI: Shikamooni wahariri. Natengeneza chembe za nano za dhahabu kwa ajili ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Mara ya kwanza mmumunyo ulitoka zambarau tangu mwanzo. Mara ya pili ulitoka mwekundu, lakini nilipoweka bafa tu, bila dawa wala kimeng'enya, ukawa bluu. (Mwanafunzi wa kemia)

JIBU: Marahaba. Tuanze na zambarau. Njia ya sitreti, ambayo Turkevich na wenzake waliieleza mwaka 1951, haisamehe uchafu. Vyombo vyote, pamoja na kijiti cha sumaku, vioshwe kwa mchanganyiko wa asidi hidrokloriki sehemu 3 na asidi nitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kufyonza hewa chafu, bila kufunika chupa, kisha visuuzwe mara nyingi kwa maji yaliyotakaswa. Chembe ya dhahabu iliyobaki ukutani kutoka safari iliyopita huwa mbegu ya madonge.

Vipimo vinavyotoa chembe za nanomita 13 hivi ni mililita 100 za asidi ya kloroauriki ya milimola 1, zichemke kabisa huku zikikorogwa kwa nguvu, na mvuke urejeshwe kwa kondensa. Kisha mimina kwa mkupuo mmoja mililita 10 za sitreti ya sodiamu ya milimola 38.8. Mkupuo mmoja, tunasisitiza. Ukimimina tone kwa tone unapata chembe za ukubwa tofauti tofauti. Manjano hafifu itatoweka, itapita kijivu na zambarau iliyokolea, kisha itatulia kwenye wekundu wa divai. Endelea kuchemsha dakika 10, zima moto, koroga dakika 15 nyingine. Kilele cha ufyonzaji mwanga kiwe karibu na nanomita 520. Hifadhi kwenye chupa ya giza katika nyuzi 4, na isigande barafu hata siku moja, kwani chembe zilizoganda hushikana na hazirudi.

Sasa bafa. Chembe hizi hukaa mbalimbali kwa sababu sitreti imezivika chaji hasi, nazo husukumana. Chumvi huuficha msukumo huo. Sodiamu kloridi ya makumi kadhaa ya milimola inatosha kuzigeuza bluu, na bafa ya fosfeti ya milimola 100 ni chumvi tele. Fanya kazi ya kimeng'enya kwenye ujazo mdogo, kisha chukua maikrolita chache tu uingize kwenye mililita 1 ya dhahabu. Kabla ya yote pima uvumilivu wa kundi lako: kwa mililita 1 ya dhahabu ongeza maikrolita 10 za sodiamu kloridi ya mola 1, mara baada ya mara, na uandike ni ya ngapi iliyobadili rangi. Kila kundi jipya lina namba yake.

Kuna mtego mwingine ambao haukuuliza lakini utakukuta. Asetilithiokolini huuzwa mara nyingi kama chumvi ya iodidi, na iodidi hung'ang'ania dhahabu. Tafuta chumvi ya kloridi. Itengeneze siku hiyo hiyo na uiweke kwenye barafu, kwa sababu kwenye pH ya juu hujikata yenyewe na kutoa thiokolini bila msaada wa kimeng'enya.

Mwisho, kumbuka rangi hapa zinasoma kinyume na wanavyotarajia wengi. Kimeng'enya kizima hutoa thiokolini, thiokolini hushika dhahabu, chembe hukusanyika, mmumunyo unakuwa bluu: hakuna dawa. Ukibaki mwekundu: kimeng'enya kimezuiwa. Sasa fikiria maji ya mboga. Protini zake huvika chembe koti na kuzizuia zisikusanyike, utaona wekundu na kudhani ni dawa. Chumvi zake huzikusanya zenyewe, utaona bluu na kudhani ni salama. Glutathioni na sisteini za mmea nazo hushika dhahabu kwa salfa yake. Kwa hiyo sampuli moja inahitaji neli tatu: moja ya kipimo kamili, moja isiyo na kimeng'enya, na moja ya maji ya mboga ile ile iliyoongezewa dawa ya kiasi unachokijua. Jibu lisomwe kwa uwiano wa ufyonzaji wa nanomita 650 kwa 520, si kwa jicho.

SWALI: Nukta zangu za kaboni zinang'aa bluu kali sana. Nikiweka maji ya mchicha, mng'ao unashuka kwa nusu, hata mchicha usio na dawa. Nawezaje kutofautisha? (Mtafiti msaidizi)

JIBU: Klorofili na karotenoidi, rangi za asili za majani, zinakula mwanga wa nukta zako, yaani chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa. Nukta zinazotengenezwa kwa asidi sitriki na ethilinidiamini (gramu 1.05 kwa maikrolita 335 kwenye mililita 10 za maji, saa 5 katika nyuzi 200 ndani ya chombo cha shinikizo chenye bitana ya tefloni) huamshwa karibu na nanomita 360 na kutoa mwanga karibu na 445. Klorofili na karotenoidi hufyonza kwa nguvu papo hapo, kati ya 400 na 500. Hakuna kilichozimwa. Mwanga umemezwa njiani.

Namna ya kwanza ya kujua: pima ufyonzaji wa mmumunyo kwenye urefu wa wimbi la kuamsha na la kutoa. Ukizidi 0.1, usiamini namba ya mng'ao jinsi ilivyo. Zimua, au sahihisha kwa kuzidisha mng'ao uliosoma na 10 iliyopandishwa kwa nusu ya jumla ya ufyonzaji wa mawimbi hayo mawili. Mfano: ufyonzaji 0.4 na 0.2, nusu ya jumla ni 0.3, kizidishi ni karibu 2. Nusu yako iliyopotea imerudi yote, wala dawa haikuhusika.

Namna iliyo bora ni kusafisha. Njia ya QuEChERS ya mwaka 2003, ya haraka ya kutoa dawa kwenye sampuli na kuisafisha, inafaa: gramu 10 za sampuli iliyosagwa, mililita 10 za asetonitrili, gramu 4 za magnesiamu salfeti kavu na gramu 1 ya sodiamu kloridi, tikisa kwa nguvu dakika 1, zungusha kwenye sentrifuji. Chukua mililita 1 ya juu, iweke kwenye miligramu 150 za magnesiamu salfeti na miligramu 25 za poda ya PSA (unga unaonasa uchafu wa mmea). Kwa mboga za kijani sana huongezwa unga wa kaboni ya grafiti ili ushike klorofili, lakini unga huo hushika pia dawa zenye molekuli bapa kama thiabendazoli. Ukiutumia kwa wingi unasafisha hata ulichokuwa unakitafuta. Na asetonitrili isiingie kwenye kipimo cha kimeng'enya ilivyo, maana itakilaza. Ikaushe kwa hewa ya naitrojeni na uyeyushe masalia kwenye bafa.

Ujanja mwingine ni kutumia rangi mbili za mng'ao kwenye kihisi kimoja, kwa mfano nukta za bluu pamoja na uropiamu inayong'aa nyekundu karibu na nanomita 615. Moja ijibu dawa, nyingine isiijibu, nawe usome uwiano wao. Kuyumba kwa taa na ukolezi wa kihisi hufutika kwenye uwiano. Kumezwa kwa mwanga na klorofili hakufutiki kikamilifu, kwani klorofili haimezi bluu na nyekundu kwa kiwango sawa. Kwa hiyo mstari wa vipimo (jibu la kihisi dhidi ya kiasi cha dawa) bado uchorwe ndani ya maji ya mchicha usio na dawa, si ndani ya maji matupu.

Jambo moja la usafi: nukta zikitoka kwenye chombo huwa na molekuli ndogo zinazong'aa zenyewe. Zichuje kwa utando wa dayalisisi (unaopitisha molekuli ndogo tu) wa daltoni 1000, ukibadilisha maji, mpaka maji ya nje yasing'ae chini ya taa. Usipofanya hivyo, kihisi chako cha Jumatatu hakitafanana na cha Ijumaa.

SWALI: Je, nikimulika tunda kwa tochi ya urujuanimno nitaona dawa? (Mama wa nyumbani)

JIBU: Hapana, mama. Ni kweli dawa chache, kama thiabendazoli na kabarili, zina mng'ao wao, lakini kwa kiasi kinachobaki kwenye tunda jicho haliwezi kuuona. Utakachoona ni nta, madoa, kuvu na klorofili, ambavyo pia hung'aa.

SWALI: Glifoseti, dawa ya kuua magugu, haizuii kolinesterasi ya kutosha kupimika. Kuna kihisi cha mng'ao kwa ajili yake? (Mwalimu wa kilimo)

JIBU: Kipo, na kinafanya kazi kwa kunyang'anyana shaba. Ayoni za shaba huzima nukta za kaboni. Glifoseti, kwa kuwa ina fosfoneti, kaboksili na amini kwenye molekuli moja, huikumbatia shaba na kuiondoa, na mwanga unarudi. Kwenye maji safi hufanya kazi vizuri. Kwenye nafaka inakuwa vigumu: fitati, sitreti, fosfeti na asidi amino zote hushika shaba, na mwanga hurudi hata pasipo glifoseti. Bila hatua ya kutenganisha kabla, kitumie kwa maji tu.

SWALI: Simu inaweza kusoma rangi badala ya spektrofotomita? (Mkaguzi mwingine)

JIBU: Inaweza, mradi uinyang'anye uhuru. Simu imetengenezwa ili picha ipendeze, hivyo hurekebisha mwangaza na weupe kila unapopiga. Funga vyote viwili kwa mkono, zima HDR (simu kuunganisha picha za mwangaza tofauti) na mweko, tumia sanduku lililozibwa lenye taa nyeupe ya LED moja na umbali usiobadilika. Kwenye kila picha viwepo kadi tupu na kadi mbili za viwango vinavyojulikana, bega kwa bega na sampuli. Chukua wastani wa eneo la kama pikseli 50 kwa 50 katikati ya doa, ukikwepa pembe ambako rangi hukusanyika inapokauka. Soma uwiano wa nyekundu kwa bluu badala ya rangi moja peke yake. Kwa mng'ao, taa ya nanomita 365, kichujio cha kuzuia mwanga ulio chini ya 400 mbele ya lenzi, na miwani ya kukinga macho.

SWALI: Kihisi kikisema hakuna kitu, niandike nini kwenye ripoti? Mnunuzi anataka maneno "haina dawa". (Msimamizi wa ghala)

JIBU: Maneno hayo usiyaandike. Andika ulichopima: "Kolinesterasi haikuzuiwa kwa kiwango kinachotambulika", kisha taja kikomo chako kwa miligramu kwa kilo na kwa dawa ipi kilipatikana, na useme kwamba dawa zisizoathiri kimeng'enya hiki hazikupimwa. Kikomo hicho kipatikane kwa kupima mboga isiyo na dawa angalau mara 10, kuchukua mara tatu ya mkengeuko sanifu wa vipimo hivyo, na kugawanya kwa mwinamo wa mstari wako wa vipimo.

Jibu likiwa chanya, rudia na kadi mpya. Likirudi chanya, sampuli iende kwenye kromatografia yenye spektrometa ya masi, ndiyo itakayotaja dawa kwa jina na kiasi. Sampuli hiyo iwe ni sehemu ya pili ya mzigo ule ule, iliyotengwa kabla hujaosha wala kukata chochote, ikafungwa, ikaandikwa namba na saa, na kugandishwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Yale maji yaliyobaki kwenye neli yako usiyapeleke: baadhi ya oganofosfeti huvunjika zikikaa majini.